Kobe la Marehemu Athumani

Jumamosi, 29 Juni

Bajeti tena. Nimefuta mstari wa rangi, nikaongeza matairi. Nikafuta taa za kisasa, nikaweka za kawaida. Bado inazidi. Kila wiki inazidi, na mshahara wala haujui habari hizo.

Bodi imelipwa. Hiyo hairudi tena. Ni ya faiba, ya kigari cha wazi cha kutembelea mchangani, inakuja kwa meli ndani ya kreti. Haina injini. Haina giaboksi, haina usukani, haina magurudumu. Ganda tu. Hukaa juu ya sakafu ya gari jingine, na hilo jingine nimeshalipata: Kobe la Athumani, pale Makorora, lile la zamani lenye mgongo wa mviringo na injini nyuma. Limewekwa uani kwake juu ya matofali, lakini injini yake ukiichokoza inanguruma. Athumani ameniambia mwenyewe tukinywa kahawa: bodi ikifika njoo na fundi ulichukue, utanipa tutakachokubaliana. Hatukuandikiana. Sisi watu wazima.

Saumu hajui. Mke wangu ni mwema, lakini akisikia gari ataniuliza habari za paa la jiko. Na atacheka. Karani wa kutoa mizigo bandarini hapa Tanga, aliyewatolea watu magari tangu ana nywele, leo anajiundia lake kwa vipande. Wacha. Nitalileta mlangoni likitembea, ndipo acheke.

Alhamisi, 4 Julai

Athumani amefariki. Asubuhi, baada ya chai. Presha. Tumemzika alasiri.

Nimelia. Tumecheza mpira wa matambara pamoja, yeye golikipa siku zote kwa sababu hakupenda kukimbia. Lakini hapa hasomi mtu, kwa hiyo naandika ukweli. Nilipokuwa natupa mchanga kaburini nilifikiria Kobe. Mara moja tu, lakini nilifikiria. Najichukia.

Jumapili, 7 Julai

Hitima. Wanaume uani, wanawake ndani. Mkeka wetu ulikuwa ubavuni mwa Kobe, na watu waliweka masinia ya pilau juu ya kichwa chake. Kombo, kaka wa mjane, amekuja na bodaboda yake kutoka Moa, kule mpakani, na amesema atakaa hapo mpaka dada yake atoke eda. Alilikalia Kobe mguu juu ya mguu, anachokoa meno. Simpendi. Sababu bado sina.

Mjane, Bi Mwanaidi, ameingia eda. Miezi minne na siku kumi. Mwanamume asiye maharimu wake havuki ule mlango. Mpwa wa Athumani wa Pangani amesema mirathi isubiri mpaka eda iishe. Wazee wakaitikia. Na mimi nikaitikia. Ningesema nini, na pilau mdomoni?

Jumatano, 17 Julai

Nimekaa na kalenda. Mwezi ukiandama sawasawa, eda inaisha tarehe tisa Novemba. Bodi inafika Oktoba. Si mbaya. Nimesogeza mpango wote mbele: fundi wa kuchomelea Novemba, waya Desemba, kulipeleka kukaguliwa Januari. Kadi ya Kobe ndiyo itanisaidia kwenye kusajili. Gari la kuunda lisilo na kadi ya gari lililolizaa husajiliwa kwa machozi. Nimeona watu wakilia kaunta, na nilikuwa upande wa pili wa kaunta.

Nimefikiria kubisha hodi nizungumze na Bi Mwanaidi akiwa nyuma ya pazia. Sheikh wetu asingekataa, ni haja ya halali. Lakini Makorora si sheikh. Mwanamume wa makamo akimwendea mjane aliye eda, hata akienda na spana mkononi, kesho itasemwa kaposa. Kuposa mwanamke aliye eda ni haramu, na ni fedheha isiyofutika. Basi nangoja. Nachukia kungoja. Maisha yangu yote ya kazi ni kungoja mhuri wa mtu mwingine.

Saumu huenda huko kila Ijumaa na wenzake wa madrasa ya kina mama, kumkalia mjane asiwe peke yake. Hurudi ananukia ubani. Simuulizi kitu.

Ijumaa, 2 Agosti

Baada ya swala nimepita Makorora. Si njia yangu. Msikiti wangu uko Nguvumali na nyumba yangu iko Nguvumali. Nimepita tu.

Ua wa makuti umetoboka upande wa bomba la maji. Kobe laonekana lote. Vioo vipo. Kuku kalala chini yake. Nimesimama nikalipima kwa macho. Sakafu itabidi ikatwe katikati ifupishwe ndipo bodi ikae, na hilo fundi hakunitajia kwenye bei yake, mjanja yule. Wanawake wa bombani walinyamaza nilipofika. Nikawasalimu. Wakaitikia kwa mkato.

Nitapita kila Ijumaa. Chombo kisichotazamwa huota miguu.

Jumatatu, 19 Agosti

Leo nimemtolea gari kijana mmoja wa mjini, mtoto kabisa, jipya, harufu ya plastiki. Hakujua hata kofia ya mafuta inafungukia wapi. Nimemwonyesha. Akanipa hela ya soda. Bosi akaniuliza mbele ya ofisi nzima, Rajabu, na lako lini? Wakacheka hadi yule dada wa chai. Nimecheka nao. Ndicho kinachoniuma, kwamba nimecheka nao.

Kujua hali ya Kobe katikati ya wiki bila kutaja Kobe ni kazi. Jioni nilimuuliza Saumu: kule kwa Bi Mwanaidi huwa mnakaa ndani au uani? Kuna kivuli? Ua haujaanguka? Kombo anashinda pale au anarandaranda? Na Bi Mwanaidi mwenyewe yu hali gani? Hilo la mwisho niliweka kwa adabu, ili yale mengine yasichungulie. Saumu aliacha kukuna nazi. Akasema hajambo, amekonda kidogo. Nikasema maskini.

Jumamosi, 7 Septemba

Saumu ana lake jambo. Mchuzi wa jana ulikuwa chumvi tupu. Wa leo hauna chumvi kabisa. Nikimsemesha anajibu ukuta. Nimempigia binti yetu Zuhura huko Muheza nimuulize kama mama yake anaumwa, akasema mwulize mwenyewe baba. Na yeye kwa sauti ya baridi.

Wakati wa chai Saumu aliniuliza, kama mtu aulizaye bei ya vitunguu, eti eda ya Bi Mwanaidi inaisha lini. Nikajibu hapo hapo: tarehe tisa Novemba, Jumamosi. Akasema, "Mashaallah. Mwenyewe hajui siku, weye waijua." Nikamwambia tarehe ndiyo kazi yangu. Akaondoa vikombe kabla sijamaliza.

Wanawake wakifika umri fulani hubadilika, wazee walituambia. Nina mambo makubwa ya kufikiria kuliko hayo. Fundi amepandisha bei ya kufupisha sakafu.

Jumatano, 25 Septemba

Nimemkuta Kombo barazani kwa muuza kahawa. Nikamvuta pembeni, nikamwambia wazi: Kobe marehemu alikuwa ameniahidi, eda ikiisha nitakuja na fundi kwa dada yako na kwa warithi, bei tutaafikiana. Naomba lisiguswe. Alinisikiliza akitabasamu upande. Akaniuliza kwani lile gari lina nini. Nikamwambia lina injini nzima na kadi safi. Nilimweleza hadi giaboksi. Nimemweleza mimi mwenyewe, kwa kinywa changu.

Akanigonga bega. "Subira, shemeji," akasema. "Mambo mazuri hayataki haraka."

Shemeji wa wapi? Nadhani ndivyo wanavyozungumza huko Moa. Lakini nimerudi nyumbani nafsi haijatulia.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kobe halipo.

Matofali yamebaki, na doa la oili mchangani. Nilishika ua kwa mikono miwili. Nilisimama. Mwanamke mmoja bombani akamwambia mwenziwe, kwa sauti ili nisikie, "Si nilisema."

Nilitaka kuingia. Nilifika hadi mlangoni, mkono umeinuka kubisha. Ndani nilisikia sauti za wanawake, na ya Saumu ikiwemo. Nikaushusha mkono.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimemkuta Kombo kijiweni kwa bodaboda. Bodaboda yake ina matairi mapya. Sikuuliza yametoka wapi, nina macho.

Kobe limeuzwa kwa mtu wa vyuma wa ng'ambo ya mpaka. Alikuja na lori Jumatano, wakalivuta, wakapita nalo njia ya Moa. Nikamwambia yeye si mrithi, na haki ya kuuza kaitoa wapi. Nilimshika kola. Vijana wa kijiweni wakatutenganisha.

Akasema, bila hasira: "Mie nimetumwa. Wanawake wamesema liondoke, dada akaridhia. Kamuulize mkeo. Yeye ndiye aliyelianzisha."

Sikumwelewa. Nimeenda hadi ufukweni nimekaa. Naandika hapa, bado simwelewi. Nyumbani sijarudi.

Jumapili, 13 Oktoba

Sasa naelewa.

Saumu alikuwa anapepeta mchele. Nikamuuliza kwa nini Kobe la Athumani limeondoshwa. Hakukana. Aliweka ungo chini akanieleza yote, polepole, kama mtu aliyeyapanga zamani.

Tangu Agosti anaambiwa mumewe hupita kila Ijumaa kwa Bi Mwanaidi, amenyoa, amevaa kanzu, husimama nje ya ua na kuchungulia tunduni saa zile zile wanawake wako ndani. Akavumilia. Kisha nikamuuliza mimi mwenyewe, nyumbani kwangu, Bi Mwanaidi yu hali gani. Kisha nikamtajia siku ya kutoka eda kabla hajamaliza kuuliza. Kisha Kombo akaja na kicheko, anasema Rajabu ajitia kutaka lile gari bovu. Hapo akaona imetosha. Akamweleza Bi Mwanaidi mbele ya wenzake. Bi Mwanaidi alilia, akaapa hajui kitu, akasema anafedheheshwa akiwa na nguo nyeupe mwilini na kaburi la mume halijakauka. Wakashauriana. Mmoja akasema gari liondolewe. Kama kweli analitazama gari, gari lisipokuwepo ataacha kupita. Asipoacha, tumejua.

Na Ijumaa, gari likiwa halipo tena, nilishika ua kwa mikono miwili.

Nimemtolea kila kitu. Bajeti, risiti za bodi, picha yake, makaratasi ya meli. Nimeyatandaza juu ya mkeka pale kwenye mchele. Aliyaangalia moja moja. Alichukua muda mrefu na ile picha.

"Lile gari bovu?" akasema. "Baba Zuhura, nani angeamini?"

"Ungeniuliza."

"Ungenambia. Kila Ijumaa mie naliegemea nikinywa chai. Neno moja tu kwa Bi Mwanaidi, angelifunika na mkeka lisinyeshewe. Mwanamume gani afichaye gari?"

Nimesema maneno mabaya. Nimesema nimeishi na mpelelezi. Nimesema ingekuwa heri ningemwoa kweli huyo mjane, angalau gari ningelipata. Neno lilishatoka, sikuweza kulirudisha. Ameingia chumba cha Zuhura akafunga mlango.

Miezi yote hii nilijua ni mwanamke tu anayeweza kuvuka ule mlango. Nilikuwa na mwanamke anayeuvuka kila wiki. Nimejishughulisha na bei ya boliti.

Alhamisi, 24 Oktoba

Bodi imefika. Nimeitoa mwenyewe. Nimejaza fomu zangu mwenyewe, nimesimama kwenye foleni yangu mwenyewe, nimejigongea mhuri wa ofisi yetu. Ushuru umekuwa kama nilivyokadiria, hadi senti. Katika bajeti nzima hicho ndicho kitu pekee nilichopatia.

Vijana wa gati walipoifungua kreti kwa ukaguzi wakauliza, mzee, umenunua mtumbwi? Nikawaambia ndiyo. Bosi akasema hongera, Rajabu sasa mvuvi. Leo sikucheka.

Nimekodi mkokoteni wa matairi ya gari. Saumu alifungua geti, akashika ncha ya nyuma tukaiingiza. Ni nyepesi mno. Watu wawili tu wanaibeba. Tangu ile Jumapili hatukuwa tumegusa kitu kimoja kwa pamoja.

Nimeuliza bei ya Kobe jingine. Liko moja Lushoto, mwenyewe Mlutheri mmoja mkulima wa kabeji, anataka bei ya kunicheka. Liko jingine Korogwe, limebaki milango. Nimefunga daftari la bajeti.

Jumapili, 10 Novemba

Bi Mwanaidi ametoka eda jana. Leo ametuma mtu: Bwana Rajabu na mkewe waje, wote wawili.

Tumekwenda tukiwa tumeachana hatua kadhaa njiani, kama wasiojuana. Ametupokea sebuleni, kavaa buibui, kweli amekonda. Kombo hakuwepo. Amerudi Moa siku ile ile ya jana, na hela ya Kobe haijaonekana. Mpwa wa Pangani anasema atashtaki. Hatashtaki.

Bi Mwanaidi alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akaniambia marehemu alimweleza habari za gari langu. Alikuwa akilisimulia kitandani kama lake. Alisema Rajabu akilimaliza tutapanda naye hadi ufukweni Raskazone, mimi mbele, wewe utatungoja nyumbani. Alicheka kidogo alipolisema.

"Nilijua unalitaka," akasema. "Nikangoja umtume Saumu. Ukawa humtumi. Nikasema labda kabadili nia. Kisha nikaletewa yale maneno mengine. Ningesema ni gari, wangesema nakutetea. Na mimi mtu wa eda, Bwana Rajabu. Ningetoka nikakuulize barabarani?"

Saumu ndiye aliyemwomba radhi, kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Wakashikana mikono. Mimi nilikaa pale nikitazama zulia. Wanawake wawili wameyamaliza kati yao kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, na mimi mpango wangu ulichukua nusu mwaka.

Kadi ya Kobe alikuwa nayo bado. Kombo hakujua ilipo. Akanipa. Kadi ya gari ambalo sasa ni sufuria huko ng'ambo. Nimeipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua ya vuli asubuhi. Ikakatika.

Bodi iko uani, imejaa maji kidogo. Nimeiinamisha yakamwagika. Nikaifuta na kitambaa, sijui kwa nini.

Saumu alitoka na kigoda akakaa karibu. Amerudi chumbani kwetu tangu Alhamisi, bila maelezo. Aliniuliza kinachokosekana ni nini. Nikaanza: sakafu, injini, giaboksi, ekseli ya mbele, usukani, breki, waya. Alisikiliza yote. Akauliza la Lushoto linaweza kupunguzwa bei, nikasema pengine. Akasema mkulima wa kabeji ana mke, na mke huyo lazima hushuka sokoni Tanga, atamtafuta. Nikasema haya.

Akapitisha kiganja kwenye ukingo wa faiba. Akauliza ndani mnakaa watu wangapi. Nikamwambia viti viwili.

"Cha pili cha nani?"

Katika bajeti yote, viti niliandika viwili, bei yake, povu lake, kitambaa chake. Wa kukalia sikuwahi kumwandika.

Nikasema chake. Lakini nilichelewa kusema, na alisikia nilivyochelewa. Aliinuka akachukua kigoda chake akaenda kuinjika chai.